Kijiko, Mtoto wa Mwiko

Ukiandaa meza ya chakula cha mchana, vitazame vyombo kwa majina yake. Meza yenyewe ni neno la Kireno, mesa, lililobaki pwani baada ya Wareno kuondoka. Sahani ni neno la Kiarabu, sahn. Sinia nalo ni la Kiarabu, siniyya, na ndani yake limehifadhi jina la China, ambayo Waarabu huiita Sin, kwa kuwa vyombo vya aina hiyo vilihusishwa na nchi hiyo. Sufuria limetokana na sufr, jina la Kiarabu la shaba, ingawa sufuria nyingi za leo ni za alumini. Birika lilianzia Uajemi, likapita kwa Waarabu, ndipo likatufikia. Gilasi limeletwa na Kiingereza. Karne nyingi za biashara na utawala zimekaa hapo mezani.

Katikati ya vyombo hivyo kimo kimoja ambacho jina lake halikupanda jahazi wala meli. Ni kijiko. Neno hili limezaliwa humu humu ndani ya lugha, na ukilichunguza lilivyoundwa utaona linabeba habari tunayoisahau mara kwa mara: kijiko kilikuwa chombo cha jikoni, cha kupikia na kugawia, kabla hakijawa chombo cha mezani. Habari hiyo ina uzito kwa sababu mbili. Kwanza, wapo wanaoamini kwamba kijiko kililetwa na wageni pamoja na meza na kitambaa chake, na kwamba kabla ya hapo sisi tulikuwa watu wa mikono mitupu. Pili, kijiko leo ni kipimo cha dawa, cha sukari na cha chumvi, na jina la kipimo likilegea anayedhurika ni mgonjwa.

Mwana, mwiba, mwiko

Wengi wakiulizwa asili ya neno kijiko hujibu haraka kwamba ni jiko dogo. Jibu hilo linavutia. Kijiko na jiko hukaa chumba kimoja, na kwa sarufi ya kawaida jiko likipunguzwa huwa kijiko kweli. Lakini jiko ni mahali pa moto, na wingi wake ni meko. Kijiko ni chombo cha kuchotea na kukorogea. Mzazi wa kumtafuta ni yule anayefanya kazi ya jinsi hiyo kwa ukubwa zaidi, naye ni mwiko.

Angalia namna Kiswahili kinavyopunguza majina yanayoanza na mw-. Mwana ametupa kijana. Mwiba umetupa kijiba, yaani mwiba mdogo, neno ambalo siku hizi tunalisikia zaidi katika kijiba cha roho, husuda inayomchoma mtu kwa ndani. Mwiko umefuata njia hiyo hiyo: mw- imeondoka, shina -iko limebaki, na mbele yake vimekaa ki- na -ji-. Hiyo -ji- ya katikati ndiyo inayoonekana pia katika kijiti kilichotoka kwa mti, kijito kilichotoka kwa mto na kijiji kilichotoka kwa mji. Lugha huitumia kuyashikilia mashina mafupi yasimezwe na kiambishi. Kijana, kijiba na kijiko ni maneno ya kiwanda kimoja.

Mwiko wenyewe una ndugu wa mbali. Wakikuyu wa Kenya wana mwiko wao. Wabemba wa Zambia husema umwiko, na Wachewa wa Malawi na Zambia husema mthiko. Jina la chombo likionekana hivi katika lugha za asili moja, kuanzia miteremko ya Mlima Kenya hadi ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katikati ya watu ambao wengi wao hawakuwa na bahari wala bandari, ni dalili njema kwamba chombo hicho ni cha kale na kwamba hakikusubiri meza ya mtu yeyote.

Kila lugha ina jambo lililoliona kwanza katika chombo hiki. Waingereza waliona mti: neno lao spoon limetoka katika Kiingereza cha kale, ambako lilimaanisha kibanzi cha mti. Waroma waliona konokono: kijiko chao kiliitwa cochleare, neno linalohusiana na cochlea, konokono na gamba lake, na kutoka huko Wafaransa wakapata cuillère. Waarabu waliona ulimi: mil'aqa hutokana na kitenzi chenye maana ya kulamba. Kiswahili hakikutaja mti, gamba wala ulimi. Kilitaja ukoo. Kilimtambulisha kijiko kwa mzazi wake, ambaye tayari alikuwa na kazi jikoni.

Kazi za mwiko

Mwiko mzuri wa ugali huchongwa kwa mti mgumu usiotoa utomvu wala harufu. Mpini wake ni mrefu, ili mkono ukae mbali na mvuke. Kichwa chake ni bapa, hakibonyei kama cha kijiko, maana kazi yake kubwa si kuchota. Maji yakichemka, unga hutiwa kidogo na kukorogwa hadi uwe uji. Uji ukitokota huongezwa unga, na hapo kukoroga hukoma, kusonga kukaanza. Tofauti ya vitenzi hivyo iko mkononi: anayekoroga huzungusha, anayesonga hukandamiza. Mwiko huingia pembeni, huvuta unga wa ukingoni, huukandamiza kwenye ubavu wa sufuria, huupindua, kisha hurudia, mpaka madonge yapasuke yote na ugali uanze kuachana na chombo. Mwishowe mwiko huo huo huukusanya ugali na kuulainisha juu kabla haujapinduliwa kwenye sahani. Kazi hiyo ukiifanya kwa kijiko cha chuma, mpini utapinda kabla ugali haujaiva. Ukienda Lubumbashi utakuta ugali unaitwa bukari, na bado unasongwa vivyo hivyo.

Kwenye harusi, mwiko wa pilau hukua hadi kufanana na kafi la mtumbwi, na mpishi huushika kwa mikono miwili akiwa amesimama. Kutoka jikoni neno likaenda kwenye ujenzi. Fundi mwashi huita mwiko kile chuma bapa chenye mpini anachotandazia udongo wa saruji juu ya tofali. Hakukuwa na haja ya kuazima neno. Kuna mpini, kuna ubapa, kuna kitu kizito cha majimaji kinachokandamizwa na kulainishwa. Mpishi na mwashi wakitazamana kazini, kila mmoja ataona kwamba mwenzake anautumia mkono kwa namna anayoifahamu.

Mtoto wa mwiko naye amefuata njia hiyo. Nchini Tanzania mtambo unaochimba mitaro na kupakia kifusi huitwa kijiko, kwa sababu ya ndoo yake inayochota. Kiambishi cha udogo kimebaki palepale juu ya mashine yenye uzito wa tani nyingi, na hakuna anayekwazika. Waliouita hivyo walitazama tendo, wakaacha ukubwa.

Upo pia mwiko wa maana nyingine kabisa, ule wa katazo, yaani jambo ambalo mila au maadili hayaliruhusu. Wingi wake nao ni miiko. Watanzania wengi hulisikia neno hili na kukumbuka Azimio la Arusha lililotangazwa Februari 5, 1967, na miiko yake ya uongozi: kiongozi wa chama cha TANU au wa Serikali asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Miiko hiyo ililegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, na mjadala wa kama ilistahili kulegezwa haujaisha.

Inashawishi kuunganisha miiko hii miwili. Katika nyumba nyingi watoto hukatazwa kulamba mwiko au kumpiga mtu nao, na kwa hayo mtu anaweza kujenga hadithi kwamba chombo kilichozungukwa na makatazo ndicho kilicholipa katazo jina lake. Wanakamusi huyaorodhesha kama maneno mawili, nami naona wamefanya vyema. Kiswahili kina paa la nyumba, paa wa porini na kitenzi cha kupaa, na hatuwalazimishi kuwa ndugu. Udugu wa maneno huthibitishwa kwa mfano kama ule wa mwana, mwiba na mwiko, ambapo umbo linarudia kanuni moja na maana haihitaji kuvutwa kwa nguvu.

Anayetafuta neno la katazo la chakula analo jingine lililo wazi zaidi: mzio. Huo ni mlo ambao mtu hatakiwi kuugusa, kwa sababu ya ugonjwa, ya masharti ya mganga au ya ukoo. Jamaa zake wako karibu. Waganda wana omuziro, mnyama au mmea ambao watu wa ukoo fulani hawauli, na Wanyarwanda wana umuziro. Leo madaktari wanaoandika kwa Kiswahili wamelichukua mzio kutaja hali ya mwili kukataa karanga, maziwa au dawa fulani. Neno lilikwisha kubeba maana ya chakula kinachomdhuru mtu mmoja kisimdhuru jirani yake, na tiba ya kisasa imeliendeleza tu.

Kata, upawa na tonge

Pwani kuna tawi jingine la ukoo huu, nalo limetokana na mnazi. Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi hubaki kifuu. Kifuu kikitobolewa matundu mawili na kupitishwa kijiti cha mpini, chombo kimekamilika. Lakini si chombo kimoja. Kifuu kilichokatwa kifupi, chini ya nusu, huwa upawa. Kilichoachwa na kina, zaidi ya nusu, huwa kata. Upawa ni wa kupakulia mchuzi na wali. Kata ni ya kuchotea maji mtungini. Aliyeyaachanisha majina haya alijua alichokuwa anakifanya: maji huchotwa kwa wingi, mchuzi hugawiwa kwa kiasi, na kina cha kifuu kimewekwa kulingana na kinachoruhusiwa kutoka.

Hapo ndipo nionapo maana kubwa ya vyombo hivi. Kitenzi chetu cha kutoa chakula chunguni ni kupakua, kile kile tunachokitumia kwa shehena ya jahazi. Chakula kilichopikwa ni mali ya wote waliomo nyumbani, na anayekipakua amekabidhiwa hesabu yake. Mwenye upawa ndiye anayejua mchuzi utawatosha wangapi, nani hajarudi na anatakiwa kuwekewa, mgeni apewe nini, mtoto apewe nini. Kabla kijiko hakijawa cha mtu mmoja mmoja, kilichokaa pembeni mwa sahani yake, ukoo wake wote ulikuwa wa mgawaji. Mwiko, upawa na kata havikuingia mdomoni mwa mtu. Vilifika hadi kwenye sahani, na kutoka hapo mkono ukaendelea.

Na mkono una kanuni zake. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alielezea wali uliopikwa kwa samli na kuletwa katika chombo kikubwa cha mbao, ukiwa na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na achari ya ndimu na pilipili. Hicho kilikuwa chakula cha watu waliopangilia mlo wao kwa makini, na bado kinaliwa hivyo hivyo kwenye sinia za Lamu, Mombasa na Unguja: mikono inaoshwa kwanza, mkono wa kulia ndio unaokula, kila mtu anakula upande wake wa sinia, na hakuna anayeparamia kipande cha nyama kilichoko mbele ya mwenzake.

Mtazame anayekula ugali. Anamega kipande kwa ncha za vidole, anakifinyanga kiganjani mpaka kilainike na kuwa duara, kisha anakibonyeza kwa kidole gumba na kuacha shimo dogo. Kwa shimo hilo anachota mchuzi au mboga, na vyote vinaingia mdomoni pamoja. Tonge lile, kwa sekunde chache, ni kijiko, chenye mbonyeo wake na ujazo wake. Aliyelifinyanga anajua hasa anachokihitaji kutoka kwa kijiko, na amekitengeneza kwa chakula chenyewe. Kwa hiyo dhana kwamba anayekula kwa mkono hajakijua kijiko haina msingi. Anakijua, tena anajua ni wakati gani hakihitajiki. Uji wa moto unakihitaji. Supu inakihitaji. Ugali haukihitaji.

Uma na ushahidi wake

Mtu anaweza kupinga: kama jina la asili ni ushahidi wa chombo cha asili, basi na uma nao ni wetu wa kale, maana neno uma halikuazimwa. Hoja hiyo ni nzuri na inastahili jibu.

Uma umetokana na kitenzi cha kuuma. Mbwa huuma, nge huuma, jino huuma, kichwa huuma. Chombo chenye ncha zinazochoma nyama kimeitwa kwa tendo lake. Kitenzi chenyewe ni cha kale sana katika lugha za Kibantu, lakini jina la chombo halionyeshi ukale huo. Ukilitafuta kwa majirani hulikuti likiwa na sura yake ya kwao, kama tulivyoukuta mwiko. Waganda husema ewuma, neno walilolichukua kutoka Kiswahili. Wanyarwanda wana ikanya, jina lisilohusiana na uma hata kidogo. Hiyo ndiyo sura ya chombo kilichofika juzi: kila mmoja amekipa jina alilolipata, au amelichukua kwa jirani. Kijiko kina ukoo, uma una jina zuri tu.

Wala uma haukuwa wa kale sana hata huko ulikotoka. Thomas Coryat, Mwingereza aliyesafiri Italia mwaka 1608, alirudi kwao akiwaeleza wenzake jinsi Waitaliano walivyoshika nyama kwa uma wakati wa kuikata. Kitabu chake kilitoka mwaka 1611, na jambo hilo alilieleza kama ugeni. Waingereza wa enzi hiyo walikula kwa kisu, kijiko na vidole vyao. Karne tatu baadaye uma ulikuwa umekwisha kufanywa alama ya ustaarabu, na watoto wa Kiafrika katika shule za bweni wakafundishwa kuuonea haya mkono. Aibu hiyo ilikuwa mpya kwa wote wawili, aliyeifundisha na aliyefundishwa. Ni haki ya kila mtu kula kwa uma akipenda. Kudai kwamba mkono ni ushenzi ni kusahau historia ya uma wenyewe.

Katika jina lake, lakini, Kiswahili kimeungana na wenzake wa Bahari ya Hindi. Waarabu huuita uma shauka, yaani mwiba. Waajemi huuita changal, yaani makucha. Sisi tumeuita kinachouma. Watu watatu wametazama ncha zile zile, na kila mmoja amekumbuka kitu kilichowahi kumchoma.

Kijiko kama kipimo

Kwa wengi wetu leo, kazi nzito zaidi ya kijiko haiko mezani. Iko kwenye chupa ya dawa na kwenye jagi la maji ya chumvi na sukari.

Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi, na kwa saa chache anaweza kufikia hatari. Tiba iliyookoa mamilioni ya watoto duniani ni rahisi: maji yenye chumvi na sukari kwa kiasi sahihi. Pakiti za ORS zinazotolewa kwenye vituo vya afya ndizo bora. Zisipopatikana, mchanganyiko wa nyumbani ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Kila neno katika sentensi hiyo lina kazi. Kijiko cha chai si kijiko cha chakula: cha kwanza hubeba mililita 5, cha pili mililita 15. Kijiko kilichosawazishwa si kijiko kilichofura. Nusu si kimoja. Chumvi ikizidi sana, damu ya mtoto huwa na chumvi nyingi kupita kiasi, na anaweza kupata degedege kutokana na kinywaji alichopewa ili apone.

Tatizo ni kwamba Kiswahili chetu cha vipimo bado hakijatulia. Kile cha mililita 15 huitwa kijiko cha chakula, kijiko cha mezani, kijiko kikubwa, na wengine hukiita kijiko cha supu. Kile cha mililita 5 ni kijiko cha chai au kijiko kidogo. Kwenye mapishi tofauti hiyo huharibu keki. Kwenye dawa, anayesoma "kijiko kimoja" na kuchukua kilicho karibu anaweza kumpa mtoto mara tatu ya alichoandikiwa. Hata vijiko vinavyoitwa vya chai havilingani. Chukua viwili vilivyonunuliwa maduka tofauti, vijaze maji, umimine kwenye bomba la sindano lenye alama, na utaona tofauti kwa macho yako.

Wapo waliolitambua tatizo hili mapema. Nchini Bangladesh, kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC lilituma wafanyakazi nyumba kwa nyumba kuwafundisha kina mama kutengeneza maji hayo, na katika miaka 10 likafikia zaidi ya kaya milioni 12. Halikufundisha kwa vijiko, ambavyo havikuwa vya ukubwa mmoja wala havikuwamo katika kila nyumba. Lilifundisha kwa mkono: chumvi ya kushikwa kwa ncha za vidole vitatu, na konzi moja ya sukari guru, ndani ya takriban nusu lita ya maji. Mama alitengeneza mwenyewe mbele ya mwalimu mpaka kiasi kikakaa sawa. Daktari Mwingereza David Morley, aliyewahi kufanya kazi Nigeria, alipita njia nyingine: alieneza kijiko cha plastiki chenye vichwa viwili, kikubwa cha sukari na kidogo cha chumvi, ili mtu asihitaji kukumbuka idadi. Njia hizo mbili zinaonekana kupingana, moja imeachana na kijiko na nyingine imekiboresha, lakini zimeanzia mahali pamoja. Zote zimekubali kwamba kusema "kijiko" hakutoshi.

Sisi wa Kiswahili tunaweza kulifanya hilo bila gharama kubwa. Wanaoandika lebo za dawa waandike mililita pamoja na jina la kijiko, na dawa itolewe pamoja na kipimo chake. Wanaoandika mapishi na vitabu vya afya wachague majina mawili, kijiko cha chai kwa mililita 5 na kijiko cha chakula kwa mililita 15, wayashike hayo na kuacha mengine. Kila penye chumvi au dawa, neno "kilichosawazishwa" liandikwe, hata kama linaonekana kurefusha sentensi. Nao wanakamusi wasiishie kueleza kata na upawa kuwa ni vyombo vya kuchotea. Waweke michoro inayoonyesha kina cha kila kimoja, wakati bado wapo mafundi wanaovitengeneza na wapishi wanaoweza kueleza kwa nini kimoja ni kifupi na kingine kirefu.

Aliyeutenga upawa na kata alikuwa anapima. Alijua kwamba chombo cha kugawia kisipokuwa na kiasi kinachojulikana, kuna mtu atakayekosa. Elimu hiyo ilikuwapo majikoni mwetu kabla ya mililita, na imehifadhiwa katika majina tuliyorithi. Kazi iliyobaki ni kukipa kijiko cha leo usahihi ule ule, kwa maandishi, ili mama anayekishika usiku mbele ya mtoto mgonjwa ajue ni kijiko kipi na kijazwe kiasi gani.